Mzee Morgan Kalama na Majina Chini ya Twiga

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni Velma, kifungua mimba wa marehemu. Nimepewa kazi ya kusoma wasifu wake, na mnivumilie.

Mzee Morgan Kalama Menza alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 hapa Kaloleni. Alisoma mpaka darasa la saba. Mwaka 1972 aliteremkia Changamwe, ambako marehemu Mzee Kioko alimfundisha kuchonga.

Desemba 1979 alifunga ndoa na mama yetu, Dorcas, wakahamia Kisauni. Kwa miaka thelathini na minane aliuza twiga wa mwarobaini nje ya hoteli moja Bamburi, chini ya kibao alichokiandika mwenyewe: SOUVENIR. Kila mnunuzi aliulizwa jina, na baba akalichoma kwa msumari wa moto chini ya kitako cha twiga. Neno lile la kibaoni alilipenda mno, akawa halali mpaka ajue maana yake. Mjerumani, Mwitaliano, Mwingereza, hata Mrusi, wote walimwambia ni kitu unachonunua safarini. Bibi mmoja Mfaransa ndiye aliyemweleza kuwa neno ni lao, na kwao ni kumbukumbu yenyewe kwanza, ile ya kichwani, ndipo iwe kitu. Baba alicheka: "Kumbe wenzao walibeba gunia wakaacha mahindi!"

Mwaka 2020 ugonjwa wa kusahau ulimwanza. Siku moja alipotea njia ya kwake Mtopanga, huko huko Kisauni, tukamkuta amesimama analia. Aliogopa sana, nasi tukaogopa. Mikono tu ndiyo haikusahau. Kila Jumamosi nikienda kumwona, alinikaribisha kama mteja.

"Mgeni, jina lako nani?"

"Velma, baba."

"Aa! Nina binti wa jina hilo. Siku hizi haji."

Kisha alinichomea twiga wangu. Wamejaa kabatini, wote Velma.

Alifariki nyumbani tarehe 9 Februari 2025, kwa nimonia. Ameacha mjane, Dorcas. Watoto, Velma, Maxwell na Winfred. Na wajukuu saba.

Jamani, nitasema kweli: naogopa. Wiki jana nilitaka kumwita mwanangu nikakosa jina lake. Sijui ni uchovu wa msiba ama ndiyo yaanza. Maxwell, Winfred, siku nikiwauliza majina yenu, msinikasirikie. Nitajieni tu, na kesho yake mnitajie tena.

Mungu akulaze kwa amani, baba. Ni mimi, Velma. Nilikuwa naja.