Umeme Uliobaki Ndani

Zima hiyo televisheni, Wendell, uvute kiti upande huu wa sikio langu zima, na wewe Lorna mwanangu usisimame mlangoni kama mgeni. Nisikilizeni wala msinikatize, maana pumzi niliyobakiwa nayo ni ya kupimwa kwa kijiko, na nina neno nililokaa nalo miaka ishirini na mbili.

Nyumba ni yenu wawili, lori ni la Wendell. Ngazi iliyoko kwa jirani yetu Clyde ni yangu, aliiazima mwaka ule wa kimbunga akasema nilimpa. Mwacheni nayo, nimechoka kumchukia, ingawa bado ni mwizi. Mimi nizikeni nyuma ya kanisa, kando ya mama yenu, na Denny wetu atakuwa upande wake wa pili kama alivyo sasa.

Imebaki ile amplifaya, kile chombo cha kukuzia sauti ya gitaa, iliyofunikwa blanketi karakanani. Wendell, wewe wakati ule ulikuwa jeshini, kwa hiyo nitaanzia mwanzo. Ndugu zako walikuwa na magitaa mawili na ugomvi mmoja. Denny alitaka sauti safi, ile ya wazee wa muziki wa kantri, na Lorna alitaka sauti inayokwaruza hadi vikombe vicheze kabatini. "Hilo si gitaa, dada, ni msumeno," Denny alikuwa akisema, na huyu hapa anamjibu, "Na lako ni la kumbembelezea bibi mwenye jino bovu." Mama yenu alicheka mpaka akaunguza mkate wa mahindi. Basi mimi, fundi redio niliyejulikana mji wetu mzima wa Kokomo, nikasema nitawajengea amplifaya moja ya kuwapatanisha, ya vali, vile vioo vinavyowaka ndani, yenye saketi mbili za zamani zilizopendwa na watu. Ukizungusha kitasa kushoto unapata ya Denny, kulia ya Lorna, na si mlio tu unaobadilika, ni njia nzima ya umeme. Kasha nililikata kwenye bati la mashine ya kufulia iliyokufa. Tulilehemu majira yote ya baridi, sisi watatu, na sijapata kuwa na furaha kama ile, wanangu, sijapata.

Sasa sikilizeni vizuri. Ndani ya chombo kama hicho mna kapasita, vikopo vinavyoweka umeme, na umeme ule hukaa humo hata ukishazima, hata ukishachomoa plagi. Ndiyo maana fundi huweka rezista ya kuunyonya taratibu, kitu kidogo kuliko njegere. Mimi niliitoa ile rezista nilipokuwa natafuta nafasi ya kitasa. Nikasema nitairudisha kesho, kwanza tusikie sauti. Kila fundi wa kazi yetu ana ugonjwa huo, kwanza tusikie sauti. Tukasikia, ikawa tamu, na kesho yake nikasahau.

Jumamosi ile Lorna alipiga gitaa, akazima, akaenda dukani alikotumwa na mama yake. Denny akaingia kusogeza waya mmoja uliokuwa unavuma. Alichomoa plagi kama nilivyomfundisha. Nilimkuta sakafuni, mkono mmoja bado umeshika kasha, na plagi iko pale chini, Wendell, nje ya ukuta. Niliiona kwa macho haya.

Polisi alipouliza, nilisema mimi ndiye niliyeichomoa nilipoingia. Kisha Lorna akaja mbio na mifuko mkononi, akaniuliza, "Baba, niliiacha ikiwaka? Nadhani nilizima. Baba, si nilizima?" Nami nikamwambia, "Hukukusudia, mwanangu." Nikamsamehe, mnasikia? Nilimsamehe mtoto wangu kosa langu, na watu wakaniona mzee mwenye moyo mkubwa. Siku tuliyotoka makaburini niliifunga ile rezista mahali pake, nikafunika chombo, nikanyamaza.

Niliogopa. Sina neno jingine la kulipamba. Niliogopa mama yenu asije akaniangalia usoni asinione mume, nikamwachia msichana wa miaka kumi na tisa mzigo ambao mgongo wangu ulikataa. Wenyewe husema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi kifo kiko hapa kitandani, kimeketi. Lorna, uliuza gitaa lako. Kanisani unafungua mdomo na sauti haitoki, nimekuangalia kila Jumapili. Na mama yako alikufa akikuombea msamaha kwa Mungu kwa jambo ambalo hukulifanya. Hilo ndilo siwezi... nipe maji, Wendell. Kidogo. Basi.

Ulizima, mwanangu. Ulizima na yeye alichomoa, na ninyi wawili hamkukosea chochote.

Nakuachia ile amplifaya. Ivunje kwa nyundo ukitaka, au uiwashe, ni yako. Sikuombi msamaha leo, nikiomba nitakuwa nakubebesha tena. Nikasirikie. Tukana, mimi ni baba yako, nakuruhusu.

Na hii ndiyo amri yangu ya mwisho. Siku ya mazishi mchungaji atasimama anisifu, mzee mwema, fundi mwaminifu. Msimwache aseme hata neno moja kabla haya hayajasomwa mbele ya watu wote, wale wale waliokuwa wakimpigapiga Lorna begani na kumwambia Mungu anajua hakukusudia. Yasome wewe, Wendell, kwa sauti, hadi viti vya nyuma.

Mungu awe nanyi, wanangu. Wewe Wendell akupe... akupe subira. Na Lorna, akurudishie yote niliyokuchukulia, kwa kuwa mimi siwezi. Nani ananishika mkono? Sioni vizuri. Hapana, uachie, uachie kwanza, sijamaliza.

Chukua kalamu, Wendell. Andika sasa hivi, kabla sijaogopa tena. Anza na jina langu.