Ka tuyau ka shingo

Ukishuka Nyawera, hapa Bukavu, asubuhi utakuta benchi mbele ya termosi ya Maman Rosalie, muuza kahawa, na wanaume watatu ambao hawajawahi kukubaliana juu ya jambo lolote. Ampère anatengeneza redio na simu. Yule wanayemwita Monseigneur alikuwa sakristani wa kanisa mpaka alipogombana na padri. Wa tatu ni Cirhuza, seremala, ambaye siku moja kahawa ilikuwa inampoa mkononi. Tangu Pasaka mkono wake wa kuume ulikuwa umekufa ganzi mara mbili, mdomo ukaenda upande, kisha vyote vikarudi kana kwamba hakuna kilichotokea. Munganga mmoja, daktari wa hospitali ya Ibanda, alimpiga picha ya shingo, akamwambia mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo umebana. Aende Nairobi, wakamwekee kijibomba cha chuma cha kuupanua.

— Banakiingizia wapi? Ampère akauliza.

— Ku paja.

— Ku paja?

— Banatoboa ka tundu hapa, banaingiza kamba nyembamba mu musipa, inapanda mupaka mu shingo. Ikifika fasi inabana, banafungua ka tuyau ka chuma. Kanabakia mule.

— Siku zote?

— Siku zote.

Monseigneur akaweka kikombe chini.

— Ugonjwa iko mu kichwa, beye banapitia ku paja. Weye hauoni kama kuna kitu banaficha?

Hilo lilikuwa limemsumbua hata Cirhuza mwenyewe. Kulisikia mdomoni mwa mwingine kulilifanya liwe zito zaidi.

— Munganga alisema hatari iko, akasema. Uchafu wa mu musipa inaweza chomoka, ipande mu kichwa. Lakini anasema kubakia vile niko ni hatari kupita.

— Ameshajitoa huyo, Monseigneur akasema. Ukikufa, atasema alikuonya.

— Na chuma mu damu inashika kutu, Ampère akaongeza. Damu iko na chumvi. Halafu mi nasema ile haiko tuyau. Ni antenne, kama ya redio. Juu ya nini baiweke karibu na ubongo? Utawaza kitu hapa Bukavu, beko banakisoma kule Nairobi.

— Batasoma nini mu kichwa ya seremala?

— Ulikuwa unaweka miti mu mashimo ya dhahabu kule Shabunda, ao hapana? Monseigneur akasogea karibu. Unajua fasi yote kwenye dhahabu ilibakia.

— Bangeniuliza tu, ningebaambia bure.

Wakacheka. Cirhuza naye akacheka, moyo ukamlegea kidogo. Ukweli ni kwamba alikuja pale ili aambiwe asiende, na kila neno lao lilikuwa linamfungulia njia ya kurudi nyumbani.

Ampère akaendelea na satelite. Monseigneur akampinga. Katikati ya mabishano hayo Cirhuza aliona kikombe kinainama na kahawa inamwagika juu ya suruali yake. Aliona tu, mkono haukusikia kitu. Alitaka kusema wangoje. Kilichotoka kilikuwa sauti nzito isiyo neno.

— Muone, Ampère akasema, antenne imeanza kazi, na habayaiweka bado.

Mwanamke mmoja mwenye mkoba wa kazi, ambaye alikuwa amesimama akingoja kahawa na hakuna aliyemtazama, akapiga magoti mbele ya Cirhuza. Akamwomba ainue mikono yote miwili. Mmoja tu ukapanda.

— Miye ni infirmière, nachunga bagonjwa, naitwa Colombe. Hii kitu imeanza saa ngapi?

Ampère akamtazama Monseigneur. Walikuwa wamekaa bega kwa bega na mtu huyo asubuhi yote, na hawakuona ilipoanza. Cirhuza alijua, lakini ulimi wake ulikuwa umelala.

Colombe akasimamisha taxi. Marafiki wawili wakamshika makwapani, wakaingia naye. Karibu na hospitali vidole vilianza tena kujikunja, kisha mdomo ukarudi mahali pake.

— Papa Cirhuza, Monseigneur akasema chini chini, ile chuma ungali unaiogopa?

— Naiogopa.

Taxi ikasimama langoni. Cirhuza akashuka kwa miguu yake, mkono begani kwa Ampère.

— Munipeleke kwa munganga, akasema. Nataka nimuulize naenda Nairobi lini.