Mioyo ya Ng'ombe Aliyoipika Mzee Hezekia

Mzee Hezekia, mpishi wa nyumba ya Bwana Meneja katika shamba letu la mkonge hapa Kilosa, anastaafu leo, tarehe 31 Oktoba 1957, baada ya miaka ishirini na minane jikoni. Kamati ya sherehe imenipa mimi kazi ya kuandika wasifu wake kwa sababu eti nimesoma Kiswahili na Kiingereza. Laiti ingejua.

Alitoka Kidete akiwa kijana, akaanza kwa kuosha masufuria. Mameneja watano wamepita mikononi mwake, na wote waliondoka wanene kuliko walivyokuja. Huyu wa sasa aliwashinda wote: nyama ya nguruwe na mayai manne asubuhi, siagi juu ya kila kitu isipokuwa chai. Ngazi za ofisi ni tatu tu, lakini alizipanda kama anayekwea mlima. Wakata mkonge, maskini wasiojua raha, walishindia dona, maharage na mlenda, wakabeba mizigo tangu alfajiri bila hata mmoja kushika kifua.

Mwaka jana daktari alimwandikia Bwana karatasi ya chakula kwa Kiingereza. Nikapewa mimi, karani mdogo, niitafsiri kwa ajili ya jikoni. Juu kabisa daktari alisema hiki ni chakula cha kutunza moyo. Chini yake maharage, mboga za majani, samaki, chumvi kidogo, mafuta hapana. Sikuelewa vizuri, na nikaona haya kuuliza. Nikaandika: "Bwana ale moyo, maharage, mboga, samaki. Siagi marufuku."

Mzee Hezekia ni mtu wa kutii karatasi. Kwa majuma sita alinunua moyo wa ng'ombe kila siku kwa Theodory mwenye bucha, akaukaanga kwa samli, kwa kuwa nilichokataza ni siagi tu. Theodory akawa anamtania: "Mzee, huyo Bwana wako, ule wake mmoja haumtoshi?" Kambini wakasema mwacheni ale, huenda akaota wa huruma.

Juma la saba Bwana alianguka kwenye ngazi ya pili. Daktari alipouliza nani kapika vile, karatasi yangu ilikuwa mfukoni mwa Mzee Hezekia. Hakuitoa; akasema yeye hajui kusoma vizuri. Nilipomwendea, nilivua kofia kwanza. Akaitikia marahaba kabla sijatoa shikamoo: "Wewe ndiyo kwanza unaanza, mwanangu. Nenda kaandike upya."

Tangu hapo Bwana anakula maharage, mchicha na perege wa kuchemsha kutoka mto Mkondoa, na ngazi anazipanda akipiga mluzi. Tiba kubwa ya Wazungu: chakula cha kambini, kwenye sahani ya kaure.

Ila cheti cha utumishi kilichoandaliwa juma hili kinasema: mpishi mwaminifu, asiyejua kusoma. Huyu anayesoma Biblia mbele ya kanisa zima kila akienda likizo! Na shule ya misheni ya kwao Kidete inayotaka kumwajiri inataka mpishi anayejua kusoma.

Basi nasema mbele yenu nyote: karatasi ile niliiandika mimi. Bwana ameomba wasifu huu kwa Kiingereza kabla hajatia sahihi cheti. Nimeutafsiri wote, sikuruka neno, na uko mezani kwake tangu asubuhi.

Asante, Mzee Hezekia. Fika Kidete salama, ukapike, na Jumapili usome kwa sauti kubwa.