Risala ya Mkono wa Pole: Waliwazaji Nao Wamefiwa

Mgeni rasmi, uliyetoka Lindi mjini kuja kutusikiliza. Mwenyekiti wa kijiji, masheikh wetu, wenzetu wa Narung'ombe mliosafiri tangu jana, na ninyi familia mliofiwa: assalaam aleikum, na poleni nyote.

Makaribisho

Karibu Kilimarondo. Umetukuta katikati ya mavuno ya ufuta, na baadhi yetu tumekuja moja kwa moja kutoka shambani, kwa hiyo utusamehe mavumbi. Mimi ni Mwanne Saidi, katibu wa kikundi. Wenzangu ishirini na wawili wameniomba nisome yote tuliyoandika, hata yale yaliyo magumu kusomwa mbele ya mgeni.

Tulikotoka

Kikundi kilianza mwaka 2019, siku ya arobaini ya mama yake Safina, jirani yangu. Mjukuu mmoja aliuliza bibi alizaliwa wapi. Tulikuwa watu zaidi ya thelathini pale. Mmoja akasema Mbwemkuru, mwingine akasema ng'ambo ya Ruvuma, wala hakuna aliyekuwa na hakika. Safina akasema, "Nimeishi na mama miaka hamsini. Leo ndiyo najua kwamba simjui." Siku ile alilia kuliko siku ya mazishi.

Wiki iliyofuata tulianza kuwatembelea wazee. Wanatusimulia maisha yao, wengine kwa Kimwera, wengine kwa Kiyao, nasi tunaandika kwa Kiswahili, daftari moja kwa kila mtu, ili familia ibaki nalo. Kwa waliokwisha kufiwa, tunakaa nao kwanza. Habari za marehemu huja zenyewe, mtu akiwa tayari.

Tuliyoyafanya

Tumeandika madaftari themanini na saba. Tunaomba tueleze moja tu.

Hapa kijijini yupo Mzee Yunusi. Mke wake, Bi Zuena, aliuawa na tembo akilinda mahindi. Tangu siku ile mzee hakuzungumza na wanawe, akawa anakula peke yake uani. Mwenzetu Ismaily, ambaye ndiye aliyewafundisha wengi wetu kazi hii, alikwenda kukaa naye kila Ijumaa baada ya sala. Walimenya karanga bila kusemeshana. Ijumaa ya sita mzee akasema, "Aliyemtuma shambani ni mimi. Zamu ilikuwa yangu. Nilikuwa na homa."

Ismaily hakumwambia kwamba ni mipango ya Mungu. Hayo alishaambiwa na wengi. Alimwuliza, "Na yeye alisemaje ulipomtuma?"

Mzee akafikiri, kisha akajibu, "Alisema, lala baba Munira, uji uko kwenye chupa."

Maneno hayo ndiyo mwanzo wa daftari la Bi Zuena. Binti yao Munira aliposomewa, alichukua sahani yake akamfuata baba yake uani, wakala pamoja.

Yanayotuelemea

Mgeni rasmi, tumechoka. Tulijadiliana kama neno hili linafaa kuwekwa kwenye risala, tukakubaliana libaki.

Mchwa wameharibu madaftari tisa yaliyokuwa kwenye sanduku nyumbani kwa mwenzetu Lusiana. Sita kati ya hayo ni ya watu waliokwisha kufa, hayawezi kuandikwa tena. Wapo pia wanaotufungia mlango, wakisema kumwandika mtu aliye hai ni uchuro. Hayo tumeyazoea.

Lililotushinda ni hili, na mwenyewe ameturuhusu tuliseme. Mwezi wa kumi na moja mwaka jana Ismaily alifiwa na binti yake, Amna, aliyekuwa na miaka kumi na tisa. Aliugua homa siku nne tu. Tulizika, tukapika, tukamaliza matanga, tukarudi majumbani. Kila mmoja wetu aliwaza kwamba Ismaily anayajua mambo haya kuliko sisi. Mwezi wa pili mwaka huu nilikwenda kumwomba akakae na mjane mmoja. Nilimkuta kizingitini. Akaniambia taratibu, "Dada Mwanne, tangu Amna afe umekuja hapa mara tatu. Mara zote umekuja kunituma kwa mtu mwingine."

Nilikaa chini pale pale mpaka adhuhuri, kisha nikaenda kuwaeleza wenzangu. Tulipoulizana, tuligundua kwamba kati yetu watu ishirini na watatu, kumi na wanne wamefiwa tangu tuanze kazi hii, na hakuna hata mmoja ambaye tulikaa naye kama tunavyokaa na wengine. Prisca wa Narung'ombe alimzika mumewe Jumatatu, na Jumapili alikuwa kwenye msiba wa watu, anaandika.

Sasa Lusiana na mwenzetu Jumaa huenda kwa Ismaily kila Alhamisi. Kwa muda wa miezi miwili hakusema lolote. Alhamisi iliyopita akasema, "Amna alikuwa anaogopa radi." Lusiana hakutoa kalamu. Alimwambia tu, "Tunakusikiliza, kaka." Ismaily akaendelea kidogo.

Tunayoyaomba

Tunaomba kabati la chuma, ili madaftari yaliyobaki yasiliwe.

Tunaomba mtaalamu wa ushauri nasaha afike huku japo mara moja kwa mwezi. Familia tunazozitembelea tutaendelea kuzitembelea wenyewe. Mtaalamu huyo tunamwomba kwa ajili yetu sisi.

Tena tunaomba tusihesabiwe wavivu tukisimamisha kazi mwezi mzima wa saba. Tunataka kukaa majumbani mwetu, kila mmoja na wa kwake aliyemzika.

La mwisho halihitaji ofisi. Ismaily yupo hapa, safu ya nyuma. Ameomba asisimamishwe wala kupigiwa makofi. Ila shughuli ikiisha, kabla ya chakula, ukipata nafasi, nenda ukakae karibu naye. Si lazima useme kitu.

Mwenyezi Mungu akufikishe salama kwa watu wako, awarehemu wote tuliowataja na tusiowataja, na awape usingizi waliobaki.

Ni sisi,
Kikundi cha Mkono wa Pole,
Kilimarondo na Narung'ombe.