Bertilla Teodori Hakuwa Mvivu

Baba Paroko, ndugu zetu wa Pito na wakwe zetu wa hapa Chala, mimi ni Loth, kaka wa marehemu, na ukoo umenituma kusoma maisha yake, na kumwombea binti yake jambo moja kabla hatujatawanyika.

Bertilla alizaliwa Pito tarehe 11 Machi 1986, akamaliza darasa la saba mwaka 2001, akajifunza ushonaji na kuweka cherehani yake Mazwi, mjini Sumbawanga, na tarehe 4 Oktoba 2008 akafunga ndoa na Yusto, akahamia Chala, akawa anashona sare za shule na kulima mahindi na ulezi.

Alijaliwa mtoto mmoja, Avelina, aliyezaliwa tarehe 20 Mei 2010, na mimba tatu zilizofuata ziliharibika. Miguu yake ilikuwa na michirizi ya zambarau kama wavu, iliyokolea wakati wa baridi, na mawifi zake, waliokaa hapa mbele, walisema ni alama za kuota moto, wakamwita Mama Jikoni, wakamwimbia shambani, "Mama Jikoni, toa miguu mafigani, wenzio tunapalilia," na mkono wake wa kushoto ulipolegea tarehe 2 Julai 2021, akaangusha sinia la ugali, walicheka wakisema uvivu umepanda mpaka mkononi.

Daktari aliyempima huko Sumbawanga alieleza kwamba damu yake ilikuwa inaganda ndani ya mishipa, kwenye ngozi ikachora ule wavu, kwenye ubongo ikaleta kiharusi, akampa dawa ya kuzuia damu kuganda na kumtaka arudi kupimwa kila mwezi, lakini mwaka 2023 Yusto alisema hachomi petroli hadi Sumbawanga kwa ajili ya mtu aliyebabuliwa na moto wa jikoni, safari zikakoma, dawa zikakoma, kiharusi cha pili kikaja, na Bertilla akafariki kwa cha tatu tarehe 9 Juni 2025.

Avelina ana alama hizo hizo miguuni, na jana, hapa msibani, shangazi yake alimfukuza motoni, "Toka hapo, utakuwa kama mama yako." Tumemwomba baba yake ruhusa ya kumpeleka kupimwa, hajatujibu, kwa hiyo hatuombi tena, Avelina anaondoka nasi leo, na anayetaka kuzuia gari alizuie mbele ya watu wote hawa.

Tunamshukuru daktari, majirani waliomchotea maji mkono ulipokufa, na mafundi wenzake wa Mazwi walioshona gauni alilozikwa nalo, na wengine mnajijua, hatuwashukuru.

Bertilla, pumzika kwa amani, mwanao tunaye.