Bi Taratibu na Kompyuta Tisini na Sita za Ghorofa ya Tatu

Tarehe 30 Juni, saa kumi jioni, Bi Taratibu atakabidhi funguo za chumba cha seva na kuondoka kwa mlango wa mbele kama mgeni wa heshima. Atakuwa ameitumikia kampuni yetu ya kusambaza dawa kwa miaka thelathini na mitatu na miezi minne. Wengi wetu hatujawahi kufanya kazi hata siku moja bila yeye kuwa jengoni, na tunakiri kwamba jambo hilo linatutia baridi kidogo.

Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na idara ya mauzo, kwa sababu kila aliyempigia simu akihema kwamba kompyuta imekufa alijibiwa kwa neno hilo moja, kisha akaulizwa ni taa ipi inawaka. Nusu ya maiti zilifufuka hapohapo kwenye simu.

Aliingia hapa akiwa mchapaji. Kompyuta ya kwanza ya kampuni ilipofika, iliwekwa katika chumba cha mhasibu mkuu, ikafunikwa plastiki na kufungiwa kama vyombo vya wageni. Bi Taratibu aliomba kitabu cha maelekezo tu, si mashine. Akakisoma saa za chakula kwa miezi miwili. Siku mashine ilipogoma, mhasibu mkuu alizunguka ofisi nzima akitafuta fundi, na aliyeinua mkono alikuwa binti wa meza ya kuchapa. Tangu siku hiyo taipureta yake ilianza kula vumbi.

Hana kawaida ya kumcheka mtu. Meneja mmoja aliwahi kulalamika wiki nzima kwamba kompyuta yake inazimika kila asubuhi saa mbili na nusu. Bi Taratibu alikwenda akakaa kwenye kiti cha pembeni na kusubiri. Saa mbili na nusu mfanya usafi akaingia, akachomoa plagi ya kompyuta na kuchomeka mashine ya kusugulia sakafu. Fundi wetu alimsalimu mfanya usafi, akamtafutia soketi nyingine kwenye korido, na kwenye kitabu cha kazi akaandika: "Hitilafu ya umeme. Imeondolewa." Meneja yule mpaka anahama hakujua kilichotokea.

Lakini kinachonifanya niiombe kamati ya sherehe ya kumuaga nafasi hii ni ile Jumamosi ya miaka minne iliyopita.

Mwisho wa wiki ule kompyuta zetu zote mia nne na kumi na mbili zilitakiwa kuwekewa mfumo endeshi mpya. Ule wa zamani ulikuwa umefika mwisho wake, na programu mpya ya kupokea maagizo ya hospitali isingefunguka juu yake kuanzia Jumatatu saa mbili asubuhi. Zamani Bi Taratibu angepita meza kwa meza na diski mkononi. Safari hii kazi ilikuwa ipite kwenye mtandao: kompyuta inawashwa, inaomba anwani, yaani namba ya kuitambulisha kwenye mtandao, inaelezwa seva, ile kompyuta kuu yenye mfumo mpya, iko wapi, kisha inavuta mfumo mzima kupitia kebo yake. Ukiwasha hamsini kwa pamoja, hamsini zinajihudumia.

Ijumaa ghorofa za chini zilikwenda kama maji. Jumamosi asubuhi ikafika zamu ya ghorofa ya tatu, ghorofa ya maagizo, yenye kompyuta tisini na sita, na kazi ikakwama. Mashine ziliwaka, zikasubiri, kisha zikaonyesha kioo cheusi chenye mstari mmoja wa maandishi. Kilichowavuruga watu akili ni kwamba si zote zilikwama. Moja ilipita, jirani yake ikagoma, na iliyogoma ukiizima na kuiwasha tena pengine inapita. Kufikia saa sita mchana zilikuwa zimepita kumi na moja. Wataalamu watatu kutoka kwa waliotuuzia seva waliizima na kuiwasha mara saba. Mkurugenzi alikuwa anatembea kwenye korido mikono nyuma, kwa sababu alijua hospitali ngapi zingepiga simu Jumatatu na kukosa wa kuzipokea.

Bi Taratibu hakuigusa seva. Alichukua daftari la shule, akaketi sakafuni mbele ya kompyuta moja na kuiwasha. Kuna mstari wa maandishi unaopita pale kwa sekunde mbili tu, unaoonyesha anwani ambayo mashine imepewa. Aliunakili, akaizima, akahamia ya pili. Wataalamu walimpita wakidhani amechoka. Alipofika mashine ya thelathini alisimama, akanyoosha mgongo, akaenda kwa mkurugenzi na daftari lake wazi.

"Zinazopita zina anwani zetu," alisema. "Zinazogoma zina anwani ambazo si zetu. Mashine ikiamka inauliza nani wa kuipokea, na anayewahi kujibu ndiye inayemfuata. Hapa juu kuna mtu anawahi kujibu, na hajui seva iko wapi. Msiitafute hitilafu kwenye seva. Mtafuteni aliyejibu."

Nilikuwa nimesimama karibu, maana makarani wote tuliitwa siku hiyo kujaribu mashine. Wale wataalamu watatu walisogea karibu. Mmoja alilichukua daftari akalisoma ukurasa baada ya ukurasa, kisha akalirudisha kwa mikono miwili.

Bi Taratibu alikwenda kwenye kabati la swichi, mahali kebo zote za ghorofa zinapokutana, akatazama yule mjibuji yuko kwenye tundu lipi. Lilikuwa la kumi na saba. Akaifuata kebo ya kumi na saba kwa macho, juu ya dari, kupitia ukutani, hadi kwenye chumba cha masjala. Chini ya meza iliyo karibu na dirisha palikuwa na ruta ndogo ya nyumbani, kile kifaa cha kugawa mtandao, ina taa ya kijani.

Ruta hiyo ilikuwa yangu.

Chumba chetu kilikuwa na watu watatu na soketi moja ya mtandao. Jumatano ile nilikuwa nimeleta ruta kutoka nyumbani ili tugawane. Ilifanya kazi vizuri, tukashukuru. Sikujua kwamba nayo ilikuwa inagawa anwani kwa ghorofa nzima kimyakimya.

"Hii ni yako, mwanangu?" aliuliza.

"Ni yangu, mama."

Akaichomoa, akaiviringishia waya wake vizuri, akaniwekea mezani. Nilitegemea kufokewa. Badala yake aliniambia, "Twende ukaone." Tukarudi ukumbini, akaniamuru niwashe mashine kwa mkono wangu mwenyewe. Mstari ukapita, anwani ilikuwa yetu, na sekunde chache baadaye mfumo ukaanza kushuka. Nikawasha ya pili, ya tatu, safu nzima. Skrini zilibadilika rangi moja baada ya nyingine mpaka ukutani. Kabla jua halijazama zote tisini na sita zilikuwa tayari.

Jumatatu maagizo yalipokelewa tangu dakika ya kwanza. Saa nne niliitwa kwenye kikao. Kanuni ya kampuni iko wazi: kuchomeka kifaa binafsi kwenye mtandao ni kosa la kufukuzwa kazi. Nilikuwa nimeshamwambia mke wangu ajiandae, na vitu vyangu vilikuwa kwenye mfuko.

Bi Taratibu alisoma taarifa yake. Hakunificha, alitaja chumba, kifaa na mwenye kifaa. Kisha akatoa barua mbili za masjala za kuomba soketi, moja ya mwaka mzima nyuma, akaziweka mbele ya mkurugenzi.

"Barua hizi zililetwa kwangu," alisema. "Nilizisoma na sikuzijibu. Kijana amekosa, na mimi nimekosa kabla yake. Kama mnaandika barua, andikeni mbili."

Ziliandikwa mbili, na zote zilikuwa za onyo. Nilibaki na kazi yangu. Katika jalada lake la miaka thelathini na mitatu lile ndilo onyo pekee, na aliyelifungua jalada hilo kulihifadhi ni mimi, karani wa masjala. Sijawahi kuweka karatasi nzito kama ile.

Wiki iliyofuata alinipigia simu nihudhurie mafunzo ya Ijumaa ya kitengo chake cha kompyuta. Nikasema mimi ni mtu wa majalada. Akanijibu kwamba na yeye alikuwa mtu wa taipureta. Leo niko kitengoni mwake mwaka wa tatu. Kati ya mafundi saba tunaobaki, wanne aliwatoa kwenye kazi nyingine kwa namna hiyohiyo, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona akigusa kifaa kabla hajakitazama.

Anastaafu akiwa na mume anayedai kwamba redio ya nyumbani ina miaka sita haijatengenezwa, watoto watatu, na mjukuu aliyeanza kutembea mwezi uliopita. Ametutangazia kwamba simu yake haitapokelewa kabla ya saa nne asubuhi, kwa mtu yeyote, hata awe mkurugenzi.

Mama, tunakushukuru kwa mashine ulizoziamsha na kwa watu uliowasimamisha. Uwe na afya, ulale mpaka uchoke kulala, na nyumba yako isikose vicheko. Na simu ikiita kabla ya saa nne, usipokee. Acha tuhangaike mpaka tuelewe.