Shukrani kwa Shangazi Goreth na Maharage Yake

Hapana, Mchungaji Polycarpe, bado nasema hapana. Mezani hukunipa nafasi ya kumaliza, lakini sasa umenipa kipaza sauti kwa mkono wako mwenyewe, basi nitamalizia hapa mbele ya watu wote.

Kwanza heshima. Mheshimiwa Mchungaji na Mama Mchungaji. Mzee Theogene, mwenyekiti wa jumuiya yetu hapa Louisville. Wazee wa kanisa. Wachezaji wa timu yetu ya besiboli, mliovaa jezi hata kwenye sherehe. Ndugu zangu mliosafiri kutoka Buffalo. Na zaidi ya wote, Shangazi Goreth, shangazi wa mume wangu, tunayekuaga leo unapohamia Columbus kwa binti yako: nawasalimu kwa upendo. Mimi ni Angelika, mke wa Samsoni. Neno mke nimelitamka polepole kwa sababu bado ni jipya mdomoni, na nalipenda.

Mchungaji amesema wakati wa chakula kwamba Samsoni alizaliwa na kipaji cha kupiga mpira, na kwamba kitu cha namna ile hakifundishwi. Wengi mkaitikia amina. Nikamtazama Shangazi, nikaona anachezea wali kwa kijiko bila kula. Je, ningenyamaza?

Ni kweli, kipo alichozaliwa nacho. Alipofika hapa kutoka kambini Tanzania alishika gongo la kupigia siku ya kwanza na kuupeleka mpira nje ya uwanja. Mkashangilia, mkamwombea kanisani, mkamwita zawadi ya Mungu. Lakini ile ilikuwa mipira inayokuja imenyooka. Kisha akaenda Columbus, ambako timu za jumuiya zetu hukutana kila kiangazi kwa kuwa ni katikati ya njia, akakutana na kaka yangu Leonardi, mrushaji wa Buffalo. Leonardi ana mpira mmoja mbaya sana. Unakuja kama mwingine wowote, halafu ukikaribia unaporomoka kama mtu aliyekatwa miguu. Samsoni alipiga hewa, akapiga hewa, akapiga hewa tena, akatolewa. Na aliporudi zamu nyingine ikawa vilevile.

Mimi nilikuwa nagawa maji upande wa Buffalo. Nikamwona amekaa peke yake, taulo kichwani, nikavuka kumpelekea chupa. Nikamwambia, "Pole, kaka. Leonardi humfanyia kila mtu hivyo."

Akasema, "Asante, dada. Lakini nilidhani mimi si kila mtu."

Jamani, ningefanya nini baada ya jibu kama hilo? Nilirudi kwetu Kenmore, kando ya Buffalo, nikiwa na namba yake ya simu, na moyo ukabaki kwenye lile benchi.

Majira yote ya baridi tulizungumza kwa simu, na hapo nikajua jambo ambalo wengi wenu hamkulijua. Alikuwa amekata tamaa. Aliniambia, "Angelika, kama Mungu ndiye aliyenipa, basi amechukua chake." Hakuwa akizungumzia mpira tu. Aliacha mazoezi, akaacha kuimba kwaya, na aliponitajia habari za kuja kujitambulisha nyumbani kwetu sauti yake ilififia, kana kwamba mtu aliyenyang'anywa kitu kimoja na Mungu hawezi kuaminiwa kupewa kingine. Kaka yangu naye hakusaidia. Alinipokonya simu akamwambia, "Shemeji, mpira wangu tu huuoni, dada yangu ulimwonaje?" Nyumba nzima ilicheka.

Sasa anaingia Shangazi, ambaye Samsoni aliishi kwake. Mwenzake Samsoni pale ghalani anakofanya kazi alikuwa amemweleza kwamba wapigaji hujifunza kwa maharage makavu: mmoja anarusha, mwingine anayapiga kwa mpini wa ufagio, maana harage ni dogo na haliendi moja kwa moja, linayumba na kushuka. Samsoni alimsimulia Shangazi kama kichekesho. Shangazi hakucheka. "Maharage tuliyapangia foleni kambini," alisema, "leo uyachape fimbo kama mwizi?"

Akaenda kulala. Asubuhi akatoka chumbani na shuka la kitanda na mfuko wa maharage. Akaweka sharti: shuka litandikwe uani, kila harage liokotwe, lioshwe, lipikwe, na aliyelipiga alile. Samsoni akamwambia hakuna haja, Mungu ameshachukua. Na Shangazi akamjibu maneno ambayo nimeyabeba hadi leo: "Mungu hajachukua kitu. Mikono amekuachia. Simama pale."

Alikuwa akitoka kwenye kazi yake ya kuwahudumia wazee, miguu imevimba, anakaa kwenye kiti cha plastiki na kurusha harage mojamoja, Samsoni akipiga kwa ufagio. Anakosa. "Tena." Anakosa. "Tena, mwanangu, macho yako yako wapi, Kenmore?" Masika ikaisha, kiangazi kikaingia, na katika nyumba ile wakala maharage yaliyopasuka mpaka majirani wakajua harufu yake.

Tukarudi Columbus. Leonardi akarusha mpira wake mbaya, Samsoni akapiga hewa. Akarusha tena, hewa. Mara ya tatu ikasikika sauti ya mama mmoja kutoka jukwaani: "Ni harage hilo!" Na mume wangu, ambaye wakati huo hakuwa mume wangu, akaupiga ukavuka uzio na kuanguka katikati ya magari ya watu wa Buffalo. Mimi wa Buffalo nikasimama nikapiga makofi. Mama yangu alinivuta gauni nikae, nikakataa kukaa.

Leonardi akavua glovu, akampa mkono, akasema, "Huyu kazaliwa nacho." Shangazi akamjibu, "Kazaliwa nacho? Njoo nikuonyeshe sufuria."

Mchungaji wangu, sikatai zawadi za Mungu. Lakini nikiamka asubuhi na kumwona Samsoni anaimba huku akifunga kamba za viatu, najua kuna mtu alikaa kwenye kiti cha plastiki ili wimbo ule urudi. Shangazi, ulimrudishia timu yake, kwaya yake, na ujasiri wa kupanda gari kuja kwetu. Nami ulinirudishia yeye kabla hujanijua. Asante.

Samsoni amekuwa akiuliza nani atamrushia sasa. Nimejaribu, juzi nilimpiga puani. Nahitaji mwalimu. Kwa hiyo nawashukuru nyote kwa masikio yenu na uvumilivu wenu, na wewe, Shangazi, ukifika Columbus usilifungie shuka kabatini. Kabla mwezi huu haujaisha tutakuwa mlangoni kwako, yeye na ufagio, mimi na maharage, na tutakaa mpaka yaive.